Joto, Maji na Oili: Kinachoua Giaboksi za Otomatiki

Giaboksi ya otomatiki katika gari la miaka kumi na mitano au ishirini huharibika kwa njia chache zinazojulikana, na nyingi kati ya hizo huanzia nje ya giaboksi yenyewe: kwenye rejeta, kwenye oili, kwenye waya na betri, au kwenye injini isiyochoma vizuri. Hata hivyo, katika gereji nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, gari likianza kuchelewa kubadilisha gia hukumu hutolewa siku hiyohiyo: giaboksi imekufa, itafutwe ya mtumba. Hukumu hiyo humtoa mwenye gari pesa nyingi, na si ajabu giaboksi ya pili ikafa kwa ugonjwa ulioiua ya kwanza, kwa kuwa ugonjwa wenyewe haukuguswa.

Historia ya gari inaeleza mengi. Sehemu kubwa ya magari madogo ya Afrika Mashariki hutoka Japani yakiwa yameshatumika, na wenyewe huyaachia mapema kwa sababu mojawapo ya gharama za ukaguzi wa lazima uitwao shaken, ambao gari jipya la abiria hufanyiwa baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2. Kenya hupokea gari lisilozidi umri wa miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haina kikomo cha namna hiyo, ila hutoza ushuru wa ziada kwa gari chakavu, ndiyo maana Toyota IST ya mwaka 2004 bado ina soko na bei nzuri. Hakuna anayejua kwa hakika oili ya giaboksi ya gari kama hilo ilibadilishwa lini, na mita ya kilomita si shahidi wa kuaminika. Watengenezaji kadhaa waliandika katika vitabu vyao kwamba oili hiyo hudumu maisha yote ya gari. Maisha waliyoyawazia ni ya mmiliki wa kwanza; hawakuhesabu miaka mingine kumi ya teksi kati ya Mbagala na Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Ndani ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki, oili ndiyo inayofanya kazi karibu zote. Injini huzungusha konveta, ambayo husukuma oili na kwa msukumo huo kuzungusha mhimili unaoingia kwenye giaboksi. Pampu hujenga presha. Bodi ya valvu, ikiongozwa na solenoidi, hupeleka presha hiyo kwenye klachi inayotakiwa. Klachi hubana seti ya gia na gari hupata gia ya kwanza, ya pili au ya rivasi. Oili hiyohiyo hulainisha beringi na kubeba joto kwenda kupozwa. Hydra-Matic ya General Motors, iliyouzwa kwenye Oldsmobile za toleo la mwaka 1940, ilitegemea presha ya oili, na giaboksi ya leo inaitegemea vilevile, pamoja na kompyuta zote zilizoongezwa juu yake. Kwa hiyo oili ikipungua, ikichoka au ikiwa si ya aina yake, hakuna sehemu ya giaboksi inayobaki salama.

Adui wa kwanza wa oili ni joto. Giaboksi yenye afya hufanya kazi kwenye nyuzi joto 80 hadi 90 hivi, na kanuni ya jumla ya wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya hapo hupunguza maisha ya oili kwa karibu nusu. Kwenye foleni, gari likiwa D na breki imekanyagwa, konveta huendelea kusukuma oili wakati magurudumu yamesimama, na nguvu yote hiyo huwa joto. Kupanda mlima Kitonga ukiwa na abiria watano na mizigo huleta joto hilohilo kwa njia nyingine. Hakuna dereva anayeweza kuziepuka foleni wala milima, kwa hiyo kinachobaki ni mfumo wa kupoza, na hapo ndipo uzembe wa kwetu unapoonekana wazi.

Katika magari mengi, oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta ya injini. Kuna kipozeo kidogo kilichozamishwa ndani ya tangi la rejeta: oili inapita ndani yake, kulanti inapita nje yake, na kati yao kuna ukuta mwembamba wa chuma. Rejeta ikijazwa maji ya bomba au ya kisima mwaka baada ya mwaka, ukuta huo huliwa na kutu mpaka unatoboka. Injini ikiwa inafanya kazi, presha ya oili huwa kubwa kuliko ya maji, hivyo oili huanza kuonekana kwenye rejeta. Injini ikizimwa ikiwa ya moto, mambo hugeuka: presha iliyobaki kwenye rejeta husukuma maji kuelekea kwenye giaboksi. Asubuhi kijiti cha kupimia oili hutoka na kitu cha rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa.

Gari lililofikia hapo halipaswi kuendeshwa hata hadi gereji ya jirani. Vitambaa vya klachi vimebandikwa kwa gundi, na maji yakichanganyika na kulanti ya moto huilegeza gundi hiyo hadi vitambaa vinabanduka na kuziba filta. Ukigundua mapema, rejeta ikabadilishwa na giaboksi ikasafishwa kwa oili mpya mara kadhaa hadi rangi irudi, kuna matumaini. Likishaendeshwa wiki nzima, matumaini ni madogo. Mbaya zaidi ni kubadilisha giaboksi na kuiacha rejeta ileile iliyotoboka, kosa linalosikika ajabu likiandikwa lakini linalofanyika. Kulanti halisi kwa mwaka mzima ni sehemu ndogo sana ya bei ya giaboksi ya mtumba, na chupa za maji ya rangi yanayouzwa kando ya barabara si kulanti.

Uzembe wa pili ni kung'oa themostati. Fundi huitoa ili injini "isichemke", na kwa kweli injini haichemki tena, hata pale inapotakiwa kupata joto. Kompyuta ya gari hairuhusu gia ya juu wala kufunga konveta, yaani kuunganisha injini na giaboksi moja kwa moja, mpaka maji ya injini yafike joto fulani, kwa sababu injini baridi haitakiwi kuzungushwa kwa mizunguko midogo yenye mzigo. Kwenye barabara kuu, upepo ukipiga rejeta isiyo na themostati, joto hilo halifikiwi au hufikiwa na kupotea. Mwenye gari hulalamika kwamba gia ya nne haiingii, mafuta yanaisha haraka na injini inalia kwa mizunguko mingi. Giaboksi inasingiziwa. Kinachotakiwa ni themostati yenye joto lililoandikwa na mtengenezaji, na sababu ya kuchemka itafutwe mahali pake: feni, pampu ya maji, kifuniko cha rejeta au gasketi ya silinda hedi.

Kuhusu oili, madukani kote huulizwa "haidroliki" na mteja hupewa kitu chekundu. Rangi haisemi lolote. Toyota ilitumia Type T-IV kwenye giaboksi zake nyingi kabla ya kuhamia WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na hizo mbili hazibadilishani nafasi. Nissan ilikuwa na Matic D, J na S kwa zama tofauti. Honda iliacha Z-1 ikaleta DW-1. Kila jina linaficha kiwango cha uzito na, muhimu zaidi, kiwango cha msuguano ambacho klachi za giaboksi hiyo zilitengenezewa. Oili yenye utelezi kupita kiasi huifanya klachi ichelewe kushika na kuungua; yenye utelezi pungufu huleta mtikisiko wakati wa kubadilisha gia.

Giaboksi za CVT hazisamehi kabisa. Humo hamna gia za hatua kwa hatua. Kuna puli mbili zinazopanuka na kubana, na mkanda wa chuma kati yake. Mkanda haushikwi na meno yoyote, unashikwa na msuguano wa chuma kwa chuma kupitia oili maalumu. Ukimiminwa haidroliki ya kawaida, mkanda huteleza, puli huchubuka, na mchubuko huo hauna tiba. Tatizo ni kwamba magari mawili yanayofanana kwa sura, Vitz kwa Vitz au Fielder kwa Fielder, moja linaweza kuwa na gia nne za kawaida na jingine CVT. Jibu liko kwenye bati la chesisi, katika mstari ulioandikwa TRANS/AXLE: kwa magari ya Toyota yanayovutwa na magurudumu ya mbele, namba kama U340E ni otomatiki ya kawaida, na namba zinazoanza na K, kama K310, ni CVT. Fundi anayemimina oili bila kusoma bati hilo anacheza kamari kwa pesa za mtu mwingine.

Kupima oili kuna utaratibu wake. Kwa gari lenye kijiti, giaboksi iwe imepata joto kwa mwendo wa nusu saa hivi, gari lisimame pasipo mteremko, mkono wa gia upitishwe kila nafasi kisha urudi P, na injini iendelee kuunguruma wakati wa kusoma alama ya moto. Honda nyingi zinatofautiana: injini huzimwa kwanza, kisha kijiti husomwa papo hapo. Magari mapya kidogo hayana kijiti kabisa. Oili hupimwa chini ya gari, kwa boliti ya kumwagia ziada, huku joto la oili likiangaliwa kwa mashine, kwa Toyota nyingi kati ya nyuzi 35 na 45. Oili pungufu huingiza hewa kwenye pampu. Iliyozidi huchapwa na gia hadi ikatoa povu, na povu halijengi presha.

Oili yenye rangi ya kahawia lakini isiyonuka imechoka tu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inaonyesha kwamba klachi zimeshaliwa. Ushahidi bora uko ndani ya sampo, kwenye sumaku ndogo zinazokamata chembe za chuma: tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vinavyong'aa au magamba meusi ya vitambaa ni habari mbaya ambayo oili mpya haiwezi kuifuta.

Hapa ndipo penye ubishi wa miaka mingi. Wapo mafundi wanaoshikilia kwamba gari kuukuu lisiguswe oili ya giaboksi, kwani likibadilishwa tu linakufa. Wanachokiona ni kweli, wanachokihitimisha si sahihi. Gari huletwa kubadilishwa oili likiwa limeshaanza kuteleza, na oili ya zamani, iliyojaa unga wa vitambaa, ndiyo ilikuwa ikiisaidia klachi iliyokwisha kushika kidogo. Giaboksi ya namna hiyo ilikuwa imekufa kabla oili mpya haijafika. Kwa giaboksi ambayo bado inabadilisha gia vizuri, njia ya busara ni kushusha na kujaza, bila mashine ya kusukuma oili kwa nguvu inayong'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye valvu. Kushusha mara moja hutoa lita 3 hivi kati ya 6 au 7 kwa Toyota nyingi ndogo, kwa kuwa nyingine hubaki ndani ya konveta, kwa hiyo kazi hurudiwa mara mbili au tatu kwa kuachana kilomita mia chache. Filta na gasketi ya sampo hubadilishwa katika zamu ya kwanza.

Kabla ya kuifungua giaboksi, injini ichunguzwe. Koili moja mbovu au plagi iliyochoka huleta mtikisiko kwenye kilomita 60 kwa saa unaofanana mno na mtikisiko wa konveta. Maunti za injini zilizokatika hupiga kishindo gari likitiwa D au R. Throto chafu na sensa yake huidanganya kompyuta kuhusu kiasi cha mafuta kinachokanyagwa, na gia huingia wakati usio wake. Betri dhaifu na vichwa vya betri vyenye kutu hushusha umeme unaoendesha solenoidi. Haya yote hurekebishwa kwa sehemu ndogo ya gharama ya kushusha giaboksi, na bado ndiyo yanayorukwa.

Kompyuta nayo isomwe, lakini isomwe na anayeielewa. Katika Toyota nyingi za zamani taa ya O/D OFF ikianza kuwaka na kuzimika yenyewe, kuna namba ya hitilafu iliyohifadhiwa. P0700 haitaji ugonjwa, inatangaza tu kwamba upande wa giaboksi una la kusema. P0715 inahusu sensa ya mzunguko wa kuingilia au waya wake. P0741 inasema konveta haifungi inapotakiwa, na chanzo kinaweza kuwa solenoidi, bodi ya valvu, oili au konveta yenyewe. Gari linalonata gia moja na kukataa kubadilisha mara nyingi liko katika hali ya kujilinda: kompyuta imezima solenoidi ili gari lifike nyumbani. Namba huonyesha eneo la kuchunguza, na fundi anayenunua spea kwa kuitazama namba pekee atanunua nyingi.

Vipo vipimo viwili visivyohitaji mashine. Cha kwanza ni muda wa kushika: oili ikiwa ya moto, gari likitolewa N kwenda D, vitabu vya ufundi vya Toyota kwa giaboksi nyingi za gia nne huruhusu chini ya sekunde 1.2, na N kwenda R chini ya sekunde 1.5. Kuchelewa zaidi kunaonyesha presha ndogo au klachi zilizolika. Kuchelewa asubuhi tu, kisha gari likawa sawa, mara nyingi ni sili za mpira zilizokauka. Cha pili ni cha kukanyaga breki barabara na mafuta hadi mwisho gari likiwa D, kisichozidi sekunde 5, huku mizunguko ya injini ikisomwa na kulinganishwa na kitabu cha gari. Mizunguko ikipita kiwango, kuna kitu kinateleza. Ikiwa chini, injini haina nguvu au konveta ina kasoro. Kipimo hiki huzalisha joto kali, hivyo si cha kurudiarudia wala cha kufanyia CVT kiholela.

CVT zinastahili neno zaidi, kwa kuwa Nissan X-Trail, Note na Juke zimejaa mijini. Giaboksi ya X-Trail ya T31, JF011E ya Jatco, ilitumiwa pia na Mitsubishi na Dodge. Nchini Marekani, Nissan iliongeza dhamana ya CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010 ikawa miaka 10 au maili 120,000, yaani kilomita 193,000 hivi. Gari lililonunuliwa mnadani Japani halina dhamana hiyo, na mnunuzi wa Mwanza au Nakuru hubaki na giaboksi bila mtu wa kumlalamikia. Dalili ya kwanza safarini ni gari kupoteza nguvu baada ya saa kadhaa za mwendo kasi: oili imepata joto kupita kiasi na kompyuta imepunguza nguvu ya injini kwa makusudi. Likipumzishwa hurudi sawa, na dereva husahau. Sauti ya mluzi au mngurumo unaopanda na mwendo humaanisha beringi zimeanza kuisha. Kwa gari la aina hii, kubadilisha oili halisi kila kilomita 40,000 na kuongeza kipozeo cha nje ni matumizi yenye maana kuliko redio mpya na taa za rangi.

Magari yanayovutwa na magurudumu yote, kama Subaru Forester, yana mtego wao. Tairi mpya mbili mbele na kuukuu mbili nyuma hazilingani mzingo, na klachi inayogawa nguvu hufanya kazi mfululizo hadi iungue. Kona ya pole ikileta mvutano na mtikiso, tairi zikaguliwe kabla ya giaboksi. Gari lolote la otomatiki lililoharibika lisivutwe kwa kamba magurudumu ya kuendesha yakiwa chini: injini iliyozimwa haizungushi pampu, na gia huzunguka bila kulainishwa. Lililozama kwenye mafuriko lisiwashwe mpaka oili yake itazamwe, maana maji huingia kupitia tundu la kupumulia.

Ikithibitika kwamba giaboksi imekwisha, njia ni mbili. Kuifungua na kuweka klachi na sili mpya kunafaa kwa giaboksi za Toyota zilizozoeleka, ambazo spea zake zinapatikana, mradi fundi aliwahi kuifanya kazi hiyo na matokeo yake yanajulikana. Ya mtumba kutoka Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, hufungwa upesi, ila namba yake ilingane na ya bati la chesisi mpaka tarakimu za mwisho. CVT za Nissan zina takwimu za marekebisho zilizohifadhiwa kwenye bodi ya valvu, na zisipoandikwa kwenye kompyuta ya gari, giaboksi nzima hubadilisha vibaya na kulaumiwa. Wakati wa kufunga, konveta isukumwe hadi ikae kabisa ndani ya pampu kabla boliti hazijakazwa. Ikilazimishwa kwa boliti, pampu hupasuka siku hiyohiyo. Mabomba na kipozeo visafishwe au vibadilishwe, kwa sababu vipande vya chuma vya giaboksi ya zamani vimelala humo vikisubiri oili ya kwanza ivirudishe ndani.

Dhamana ya muuzaji kwa kawaida ni ya kujaribu tu. Siku saba za kuendesha mjini hazionyeshi kitu ambacho kingetokea kwenye joto la safari ndefu, kwa hiyo makubaliano yaandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya giaboksi, na safari ya barabara kuu ifanywe ndani ya muda huo. Baada ya kilomita 1,000 hivi oili hushushwa na sumaku hukaguliwa. Na kabla ya yote hayo, bei ya kazi nzima, yaani giaboksi, oili, rejeta na ufundi, ipimwe na bei ambayo gari lenyewe lingeuzwa likiwa zima. Kwa baadhi ya CVT kuukuu hesabu hiyo haimwachii mwenye gari nafasi ya kubishana, na gari huuzwa lilivyo, mnunuzi akiwa ameambiwa waziwazi anachonunua.